Mche ulionyauka si mche uliokufa: mkulima ahesabu kabla ya kurudia kupanda

Wakulima wa maeneo yenye mvua haba, kuanzia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Same na Mwanga, na ng'ambo ya mpaka katika kaunti za Makueni na Kitui, wanaufahamu vizuri mtego mmoja wa kilimo. Mvua ya kwanza inanyesha, watu wanakimbilia shambani, mbegu inaota kwa wiki moja na shamba linapendeza. Kisha mawingu yanapotea. Siku ya kumi ya jua kali majani ya mahindi yanajikunja, rangi inapauka na mashimo mengine yanabaki matupu.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu kuliko yote ya msimu: je, shamba lilimwe upya na kupandwa tena, au miche iachwe isubiri mvua? Swali hilo ni la kilimo, lakini ni la fedha zaidi. Mkulima aliyekwisha kununua mbegu, mbolea na kulipa vibarua anatakiwa kuingiza tena mkono mfukoni, mara nyingi kwa kuuza mbuzi au kukopa kwa mfanyabiashara wa mazao kwa ahadi ya kulipa gunia wakati wa mavuno. Akikosea upande mmoja, anang'oa miche ambayo ingepona. Akikosea upande wa pili, anapoteza wiki tatu akisubiri miche iliyokwisha kufa.

Uamuzi huu mara nyingi hufanyika kwa macho tu, na kwa kumtazama jirani amefanya nini. Inawezekana kufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa kuwa mche wenyewe unatoa dalili zinazosomeka, na hesabu ya ekari moja haihitaji mashine.

MVUA YA KWANZA SI MSIMU

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa leo inafaa kuongeza kwamba mvua moja haitoshi kuwa dalili ya msimu. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa hali ya hewa katika ukanda huu ni jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku 3, bila kufuatiwa na ukavu mrefu katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya pili ya kipimo hicho ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa haiwezi kuonekana siku ya kupanda.

Kinachotokea ndani ya udongo ni hiki. Mbegu ya mahindi inahitaji kunywa maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake ndipo ianze kuota. Mbegu iliyopandwa katika udongo mkavu kabisa hulala salama, ingawa panya, mchwa na ndege wanaweza kuifikia. Mbegu iliyolowa kidogo ikakauka tena kabla mzizi haujatoka bado inaweza kuota mvua ikirudi, japokuwa nguvu yake hupungua. Lakini mbegu iliyokwisha kutoa mzizi wa kwanza imevuka mto na kuvunja daraja. Udongo ukikauka wakati huo, mbegu hiyo hufa na hakuna mvua itakayoirudisha.

Kwa hiyo mvua hatari kuliko zote ni ile ndogo, ya milimita 10 hivi, inayotosha kuamsha mbegu lakini haitoshi kuilea. Mkulima asiye na kipimo cha mvua anaweza kuchimba kwa jembe na kutazama unyevu umeshuka kiasi gani. Ukiishia vidole viwili chini ya uso wa ardhi, hiyo si mvua ya kupandia mahindi. Ukifika kina cha kiganja na zaidi, kuna akiba ya siku kadhaa.

Kina cha kupanda nacho kina maana. Katika udongo wa kichanga, mbegu iliyofukiwa sentimita 5 hadi 7 haiamshwi ovyo na manyunyu, na ikiota hukuta unyevu uliodumu. Mbegu iliyofukiwa sentimita 2 kwa sababu kibarua ana haraka ya kumaliza ekari huota mapema na kufa mapema.

KINACHOTOKEA NDANI YA MCHE

Mche mchanga unapokosa maji haungojei kufa. Unaanza kubana matumizi, kama familia inavyofanya unga unapokaribia kwisha. Mizizi ikigusa udongo unaokauka, homoni inayoitwa asidi ya absisiki huongezeka na kupanda hadi kwenye majani. Homoni hiyo inafunga vitundu vidogo vidogo vya majani, ambavyo wataalamu huviita stomata, na maji yanaacha kupotea hewani kwa kasi. Gharama yake ni kwamba kupitia vitundu hivyo hivyo ndipo hewa ya kutengenezea chakula huingia. Kwa hiyo mche unaojifunga unaokoa maji lakini unajinyima chakula, na ndiyo maana unadumaa.

Hatua ya pili ni kujikunja kwa majani. Jani lililojikunja linapunguza eneo linalopigwa na jua. Mkulima akiona mahindi yamejikunja saa nane mchana lakini asubuhi yamefunguka, ajue mimea inajilinda na ina akiba. Mahindi yanayoamka asubuhi yakiwa bado yamejikunja yamefika mahali pabaya, kwani usiku kucha hayakupata maji ya kutosha kujaza kilichopotea mchana.

Hatua ya tatu haionekani kwa macho. Mche hupunguza kukua juu na kupeleka sehemu kubwa ya chakula chake chini, kwenye mizizi. Ukavu wa wastani katika wiki za mwanzo unaweza kuusukuma mzizi kwenda ndani zaidi, ili mradi chini kuna unyevu wa kuukuta. Shamba lililolimwa juu juu, lenye tabaka gumu chini ya jembe, linaunyima mche nafasi hiyo.

Lipo jambo moja kuhusu mahindi ambalo kila mkulima anapaswa kulijua kwa sababu lina thamani ya fedha. Sehemu ya ukuaji, yaani kitovu kinachozalisha majani mapya na baadaye shina, inakaa chini ya ardhi mpaka mche unapofikisha majani kama matano au sita yaliyofunguka. Hadi wakati huo jua linaweza kuunguza majani yote yaliyo juu, na bado mche ukawa hai. Anayetazama majani peke yake anaweza kuukatia tamaa mmea unaopumua.

Hata hivyo, mahindi machanga yana udhaifu wake. Wiki za kwanza yanategemea akiba iliyomo ndani ya punje na mizizi michache ya mwanzo. Mizizi ya kudumu, itakayobeba mmea hadi mavuno, huota karibu na uso wa ardhi. Uso huo ukiwa umekauka kabisa, mizizi hiyo inashindwa kupenya na mche unasimama kwa uzi mmoja, ukipepesuka na kuangushwa na upepo. Mkulima akiona hali hiyo, kusogeza udongo kwenye shina wakati wa palizi ya kwanza, mara mvua inaporudi, husaidia mizizi mipya kushika.

MVUA IKIRUDI

Baada ya mvua ya kutosha, mche ulioumia kidogo hufungua vitundu vyake na kurudia kazi ndani ya siku chache. Mizizi mipya hufuata, na jani jipya hutokeza katikati. Majani yaliyokauka na kuwa kama karatasi hayarudi tena. Hayo ni gharama iliyolipwa. Cha kutazama ni kile kinachotoka katikati ya mche, wala si kile kinachoning'inia pembeni.

Namna ya kupima uhai ni rahisi. Mkulima achague miche michache sehemu mbalimbali za shamba, aing'oe kwa uangalifu na kuipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini. Kitovu cheupe au cha rangi ya maziwa, kilicho kigumu, ni dalili ya mche hai. Kitovu cha rangi ya kahawia, laini au chenye harufu ya kuoza, ni mche uliokufa. Asubiri siku 3 hadi 5 baada ya mvua kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu siku ya kwanza hata mche hai unaweza kuonekana kama maiti.

Aidha, achunguze kama tatizo ni jua pekee. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2017, hupenda kujificha katikati ya mche wa mahindi, na mche uliodhoofishwa na ukavu hauwezi kutoa majani mapya kwa kasi ya kuwashinda. Sota nao hukata miche kwenye usawa wa ardhi. Kurudia kupanda katika shamba lenye wadudu hao bila kuwadhibiti ni kuwaandalia mlo wa pili.

Kupona nako kuna bei yake. Mche uliodumaa kwa wiki mbili huchelewa kutoa mbelewele na ndevu. Katika maeneo ambayo mvua hukoma mapema, ucheleweshaji huo unaweza kulipeleka shamba kwenye ukavu wa mwisho wa msimu, wakati mahindi yanapohitaji maji kuliko wakati wowote. Ukavu wa wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa ndevu unapunguza mavuno kuliko ukavu wa urefu huo huo mche ukiwa na majani manne.

Mazao hayafanani. Mtama una nta kwenye majani na mizizi inayokwenda mbali. Ukikosa maji unaweza kusimamisha ukuaji, ukalala, kisha ukaendelea mvua inaporudi. Uwele nao ni mvumilivu. Kunde huvumilia zaidi ya maharage. Muhogo ukishashika huangusha majani na kungoja. Mkulima wa ukanda mkavu anayeweka shamba lote kwenye mahindi ameweka mayai yote katika kapu lenye tundu.

HESABU YA EKARI MOJA

Badala ya kukisia, mkulima ahesabu. Katika nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari moja inabeba miche ipatayo 18,000. Achukue kamba yenye urefu wa mita 5 na sentimita 40. Katika mistari iliyoachana sentimita 75, urefu huo wa mstari ni sawa na sehemu moja ya elfu ya ekari. Alaze kamba kando ya mstari, ahesabu miche iliyo hai na kuzidisha kwa 1,000. Akikuta miche 18, ana 18,000 kwa ekari. Akikuta 10, ana 10,000. Arudie sehemu 10 tofauti, bila kuchagua zinazopendeza, kisha atafute wastani.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, shamba hilo katika msimu wa kawaida hutoa magunia 12 ya kilo 100. Baada ya ukavu, kamba inaonyesha miche 10,000 iliyo hai na iliyotawanyika vizuri. Mavuno hayatashuka kwa nusu, kwani miche iliyobaki inapata maji, mwanga na mbolea zaidi na hubeba magunzi makubwa. Mkulima anaweza kutarajia, tuseme, magunia 8.

Akirudia kupanda, atakuwa amechelewa siku 20. Makisio yanayotajwa mara nyingi kusini mwa Afrika, hasa Zambia, ni kwamba kila siku ya kuchelewa hupunguza mavuno ya mahindi kwa asilimia 1 hadi 2. Kwa asilimia 1.5, siku 20 ni asilimia 30, yaani magunia 12 yanakuwa 8.4. Kutoka hapo aondoe mbegu mpya kilo 10, vibarua wa kuchimba mashimo na palizi ya ziada. Ikiwa gharama hizo ni sawa na gunia moja na nusu, anabaki na 6.9. Kwa hesabu hiyo, shamba lililoonekana baya lina faida kuliko shamba jipya.

Mambo yanageuka kamba ikionyesha miche 5,000, tena iliyokaa kwa mafungu huku sehemu kubwa ikiwa tupu. Shamba hilo huenda likatoa magunia 4, na hapo kurudia kupanda kuna maana. Lakini swali jingine linafuata: siku za mvua zilizobaki ni ngapi? Zikiwa zaidi ya 90, mbegu ya muda mfupi ya aina ya Katumani inaweza kufika. Zikiwa 60 au 70, mahindi ni kamari, na kunde au choroko ni biashara.

Kila mkulima aweke tarakimu za shamba lake na bei za soko lake. Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha zilizokwisha kutumika mwanzo zisiingizwe katika uamuzi huu. Hizo zimekwenda, apande upya au asipande. Kinacholinganishwa ni kile kitakachotoka shambani kuanzia leo na kile kitakachotumika kuanzia leo.

MAPENGO YAJAZWE NA NINI

Wakulima wengi hurudishia mahindi kwenye mashimo matupu hata wiki tatu baada ya miche ya kwanza kuota. Mahindi hayo ya pili huota chini ya kivuli cha wenzao, hugombania mbolea na kushindwa, na mwishowe huwa mabua yasiyo na gunzi. Kurudishia kwa mahindi kunafaa ndani ya siku 7 hadi 10 tangu miche ya kwanza ilipochomoza. Baada ya hapo mapengo yajazwe na kunde, choroko au zao jingine fupi linalokomaa haraka. Familia itapata mboga ya majani mapema, na gunia la choroko sokoni lina bei yake.

KINGA HUANZA KABLA YA JUA

Mche unaoshinda ukavu hutengenezwa kabla ukavu haujaanza. Matuta yaliyofungwa kwa makinga maji, na mashimo ya Chololo yaliyopewa jina la kijiji kimoja mkoani Dodoma, yanakusanya maji ya mvua chache na kuyaweka pale mzizi ulipo. Kazi yake ni ngumu mwaka wa kwanza, lakini inafanyika wakati wa kiangazi ambapo nguvukazi si ya kugombania.

Palizi ya mapema ni sawa na mvua ya bure, kwa maana magugu hunywa maji yale yale. Matandazo ya mabua hupunguza maji yanayopotea kwa jua, ingawa katika maeneo ya wafugaji inabidi kijiji kikubaliane kwanza kuhusu malisho ya mabua hayo.

Mbolea nayo inaweza kuua. Chumvi za mbolea iliyogusana na mbegu katika udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mbegu. Kati ya mbolea na mbegu pawe na udongo wa sentimita 5 hivi. Mbolea ya kukuzia isiwekwe kwa miche iliyonyauka kwa matumaini ya kuiamsha. Ingoje mvua inyeshe na jani jipya litokeze. Urea iliyomwagwa juu ya udongo mkavu wenye joto hupotea hewani, na fedha ya mkulima hupotea pamoja nayo.

Kwa anayetumia mbegu yake mwenyewe isiyo na dawa, kuiloweka usiku mmoja, kuianika kivulini hadi isinate mkononi na kuipanda siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu kunaiwezesha kuota mapema na kuwahi maji. Isizidi saa 24 majini. Mbegu iliyotiwa dawa isilowekwe kamwe, na isilishwe kuku wala kusagwa.

JINA LA KUSTAHIMILI UKAME

Katika maduka ya pembejeo siku hizi maneno yanayouza ni "inastahimili ukame". Utafiti mkubwa umefanyika, ukiwamo mradi wa mahindi yanayostahimili ukame barani Afrika ulioongozwa na kituo cha kimataifa cha CIMMYT pamoja na taasisi za utafiti za nchi husika, na mashamba ya majaribio kama ya Kiboko nchini Kenya. Mbegu zilizotoka huko zimewasaidia wakulima wengi.

Lakini ni lazima jina hilo lieleweke. Sehemu kubwa ya uteuzi wa mbegu hizo ililenga ukavu wa wakati wa kutoa ndevu na kujaza punje, kwa sababu huko ndiko mavuno hupotea zaidi. Haimaanishi kwamba mche wa siku 10 wa mbegu hiyo unaweza kuishi katika vumbi. Mkulima anayepanda kwa mvua ya manyunyu kwa kuamini maandishi ya mfuko atalia sawa na aliyepanda mbegu ya kawaida. Muuza duka mwaminifu amweleze hivyo kabla ya kupokea fedha. Aidha, mbegu ya muda mfupi na mbegu inayostahimili ukame si kitu kimoja. Ile ya kwanza hukimbia ukavu kwa kukomaa mapema. Ya pili huukabili ikiwa shambani.

BIASHARA YA WIKI YA TATU

Wafanyabiashara wadogo wa pembejeo wana nafasi yao katika suala hili. Wengi huagiza mbegu mara moja, kabla ya msimu, na zikiisha wanafunga hesabu. Ukavu ukipita na wakulima wakarudi wiki ya tatu au ya nne, rafu zina mbegu za muda mrefu tu, au hakuna kitu, na hapo ndipo wauzaji wa mbegu bandia wanapoingia wakiwa na punje za chakula zilizopakwa rangi. Duka lililotenga akiba ndogo ya mahindi ya muda mfupi, mtama, kunde na choroko, katika mifuko ya kilo 1 na 2, litauza wakati wengine wamefunga.

Utunzaji nao ni sehemu ya biashara. Mbegu iliyokaa chini ya bati lenye joto hupoteza nguvu hata kama bado inaota katika sahani. Nguvu hiyo ndiyo tofauti kati ya mche unaopenya udongo mkavu na ule unaoishia njiani. Mnunuzi naye adai lebo ya Taasisi ya Udhibiti wa Mbegu, TOSCI, aangalie tarehe, na atunze risiti na mfuko mpaka miche iote. Bila hivyo hana pa kulalamikia.

KUPANDA MARA YA PILI KUNA MWENYEWE?

Sera za kilimo zimezoea kumsaidia mkulima kupanda mara moja. Ruzuku ya mbolea iliyorejeshwa Tanzania msimu wa 2022/23 ilimpunguzia mzigo mkulima mwanzoni mwa msimu. Miche ikifa, mbegu ya pili ni juu yake mwenyewe, wakati mfuko umekauka kama shamba. Kwa kaya nyingi kukosa mbegu hiyo ya pili ndiko kunakogeuza ukavu wa wiki mbili kuwa njaa ya miezi sita.

Mambo matatu yanaweza kufanyika bila kusubiri miujiza. La kwanza ni taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, msimu na masika. Taarifa ya mkoa mzima haimtoshi mkulima wa kata moja. Wakulima waliosajiliwa kwa ajili ya ruzuku tayari wana namba za simu kwenye orodha ya serikali. Orodha hiyo inaweza kutumika kupeleka ujumbe mfupi wa siku 10 zijazo kwa kila kata, kwa lugha ya kawaida: pandeni, au subirini.

La pili ni bima ya kupanda upya. Nchini Kenya, mpango wa Kilimo Salama ulianza mwaka 2009 kwa kupima mvua badala ya kutuma mkaguzi kila shamba, na baadaye ukazaa kampuni ya ACRE Africa. Kutokana na mpango huo ilitokea bima inayoambatana na mfuko wa mbegu: mkulima hujisajili kwa simu anapopanda, mvua ya eneo lake hufuatiliwa katika wiki za mwanzo, na ikikosekana analipwa kiasi cha kununulia mbegu nyingine. Bima ya namna hii haimfidii mtu mavuno yote, na ndiyo sababu inaweza kuwa nafuu. Kampuni za mbegu na za bima nchini Tanzania zina kila sababu ya kuisogeza hadi kwa mnunuzi wa kilo 2. Sharti ni kwamba masharti yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na malipo yafike kabla msimu haujapita. Fidia inayokuja mwezi wa nne kwa miche iliyokufa mwezi wa kwanza haipandi kitu.

La tatu ni akiba ya mbegu kijijini. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliacha mlango wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima waliofundishwa na kukaguliwa. Mtama, kunde na choroko ni mazao yanayofaa kabisa kwa mpango huo. Kikundi kimoja cha wazalishaji katika kila kata, chenye ghala dogo na soko la uhakika kutoka halmashauri, kingeweza kuwa na mbegu ya pili karibu na shamba siku inapohitajika.

Maafisa ugani nao wana kazi yao. Kamba ya mita 5 na sentimita 40 haina gharama, na kupasua mche kwa kisu kunafundishika asubuhi moja chini ya mwembe. Bwana shamba atakayefundisha hesabu hiyo kabla ya msimu kuanza atakuwa ameokoa fedha nyingi kuliko atakayekuja kuandika ripoti ya hasara baadaye.

Mvua haiwezi kuamriwa. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 katika Pembe ya Afrika, ambao misimu mitano mfululizo ilishindwa hadi mwishoni mwa mwaka 2022, ulionyesha hilo kwa ukatili. Kilicho mikononi mwa mkulima ni siku ya kupanda, kina cha mbegu, zao alilochagua na uamuzi wa wiki ya tatu. Katika uamuzi huo haraka haraka haina baraka, lakini kungoja bila kuhesabu nako si subira. Ajifunge kamba kiunoni, aende shambani asubuhi jua halijawa kali, apasue miche mitano, ahesabu sehemu kumi, ndipo aende dukani, au arudi nyumbani kungoja mvua akiwa na uhakika kwamba kuna kitu hai cha kunyeshewa.